Sheria ya Jiji Yenye Spairo ya Njano, kwa Sh. 11,000

Kwanza bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kuprinti mbele na nyuma sh. 8,500, kubaindi kwa spairo sh. 2,000, plastiki ya juu sh. 500. Jumla sh. 11,000. Kijana wa steshenari alianzia 13,000. Nikamwambia, mwanangu, mimi si mradi wa wafadhili. Akacheka, akashusha.

Bidhaa yenyewe ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, iliyotungwa mwaka 1982 ikiwa sheria namba 8. Ndiyo inayosema jiji ni nini, lina ofisi zipi, nani anachaguliwa, nani anateuliwa, na jiji linaruhusiwa kufanya nini. Jalada la mbele kijana kaweka picha ya jengo la Bunge, nadhani ili ionekane ya kiserikali. Spairo ni ya njano kama ya daftari la chekechea. Nilitaka nyeusi, hakuwa nayo.

Steshenari siitaji jina kwa sababu haina. Ina ubao tu umeandikwa KOPI, PASIPOTI SAIZI, TAUSI, AJIRA. Iko huku kwetu pembezoni mwa mji wa Dodoma, kwenye mtaa ambao nao siutaji, na sababu mtaiona mkifika katikati.

Sasa kwa nini mama wa miaka 54 anayeuza mlenda anunue sheria. Nina nyumba yenye fremu mbili kwa mbele. Moja nimempangisha kinyozi. Ya pili nilitaka nifungue mgahawa: ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji, na chai asubuhi kwa mafundi wanaopita kwenda site. Nikauliza watu pa kuanzia. Mmoja akasema mwenyekiti wa mtaa. Mwingine akasema achana na mwenyekiti, nenda kwa mtendaji. Jirani akasema diwani, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Kinyozi wangu akasema bwana afya. Shemeji yangu akanishauri niende moja kwa moja kwa mkuu wa mkoa, maana anamfahamu dereva wa mtu fulani pale. Wiki mbili nilihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jioni moja nikamlalamikia binti wa dada yangu, anasoma sheria pale UDOM. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Mama mkubwa, mbona yote hayo yameandikwa?" Nikamwambia kama yameandikwa, twende ukaniprintie.

Kitabu kilianza kunirudishia hela yangu siku ya pili. Tulikuwa barazani, yeye anasoma na kunitafsiria, mimi nachambua mlenda. Tulipomaliza sehemu ya ofisi nikamwambia arudie, kwa sababu kuna kitu nilikiona ambacho miaka yote nimeishi mjini sikuwahi kukiona. Kila ngazi ina watu wawili. Mtaani kuna mwenyekiti, tuliyempigia kura Novemba 2024 pamoja na kamati yake, na kuna afisa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Kwenye kata kuna diwani wa kuchaguliwa, anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na pembeni yake mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa kamati hiyo. Juu kabisa kuna Meya anayeongoza Baraza la Madiwani, na Mkurugenzi wa Jiji ambaye ndiye katibu wa baraza na mkuu wa watumishi wote. Mmoja ana kura, mwenzake ana barua ya ajira. Mwenye kura anaongoza kikao, mwenye barua anaandika muhtasari na analala na faili.

Tangu hapo najua. Nikitaka jambo liamuliwe, nakwenda kwa wa kwanza. Nikitaka lililokwisha kuamuliwa litekelezwe, nakwenda kwa wa pili. Leseni ya mgahawa haihitaji diwani aamue chochote, ilishaamuliwa zamani na sheria nyingine kabisa, ile ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kwa hiyo kwa diwani nilikuwa napoteza nauli ya bodaboda. Na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa hawamo kwenye msururu huu hata kidogo. Wao ni mkono wa serikali kuu, wanateuliwa na Rais. Nilimpigia shemeji kumweleza. Akasema sheria ni sheria, lakini dereva ni dereva. Sikubishana naye, ndiye anayenidai.

Kitu kingine kilichonishangaza ni Meya. Mimi nilidhani tunampigia kura. Kumbe sisi tunachagua diwani wa kata yetu tu. Jiji letu lina kata 41, kila kata diwani mmoja. Wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge nao wanaingia. Siku hizi tuna majimbo mawili, maana lile la Dodoma Mjini liligawanywa mwaka 2025 likazaliwa la Mtumba. Hao wakikaa ndani ndio wanaochagua Meya miongoni mwao, akae miaka mitano. Naibu wake wanamchagua kila mwaka. Nilimuuliza binti kwa nini naibu anapimwa kila mwaka na mkubwa wake hapimwi. Akasema, "Mama mkubwa, hapo si mimi niliyetunga."

Mtoto wa shemeji yuko Houston, Marekani, anaendesha malori. Alipopiga simu Jumapili nikamwambia nasoma sheria ya jiji, akasema kwao kila jiji kubwa lina hati yake lenyewe, kama katiba ndogo, na wakazi ndio wanaoipigia kura ikitaka kubadilishwa. Houston hati yao imempa meya madaraka yote ya utendaji, na wananchi wanamchagua wenyewe. Dallas, jimbo hilohilo la Texas, hati yao inasema baraza liajiri meneja wa kuendesha jiji, na baraza likichoka naye linamwondoa. Nikafikiria huyo meneja wa Dallas ndiye Mkurugenzi wetu. Tofauti ni kwamba wetu anateuliwa na Rais, madiwani wanaletewa. Yaani majiji mawili kwenye jimbo moja yana nyumba mbili zenye ramani tofauti, wakati kwetu Dodoma, Arusha, Mbeya, Tanga na Mwanza ramani ni moja, imechorwa na Bunge. Sina hakika ipi nzuri. Ila ya kwetu ina faida moja: dada yangu aliyeko Mwanza nikimsimulia haya, hahitaji kununua kitabu kingine.

Haya, mtaani. Hapa ndipo kitabu kilipofanya kazi kwa mikono yake.

Nilihitaji barua ya utambulisho. Nikaenda ofisi ya mtaa saa mbili na nusu asubuhi, upepo wa Dodoma umeanza, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Mtendaji hayupo. Mezani yuko kijana mmoja ambaye hadi leo sijui cheo chake. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akaniandikia vizuri jina, namba ya NIDA, akauliza biashara gani. Halafu akasema, "Kuna elfu tano ya ofisi, mama."

Zamani ningeitoa. Nimeshaitoa mara nyingi, nikikumbuka, kwa barua ya mwanangu ya kujiunga na chuo, kwa barua ya dhamana, hata kwa barua ya msiba. Lakini siku mbili kabla tulikuwa tumesoma sehemu ya sheria ndogo. Jiji linaruhusiwa kujitungia sheria ndogo, za ada, za usafi, za masoko. Lakini haziwi sheria kwa sababu mtu kakaa mezani. Baraza lipitishe, Waziri mwenye dhamana aidhinishe, zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Na malipo ya serikali siku hizi yanakwenda kwa kontroli namba, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali, au kwenye mashine, na risiti unapewa.

Nikamwambia, "Sawa mwanangu. Nipe kontroli namba."

Akanitazama. Akasema mtandao uko chini. Nikasema hakuna shida, nitasubiri upande. Nikakaa kwenye benchi, kitabu changu cha njano mapajani, najipepea nacho. Sikukifungua hata mara moja, nawaambia ukweli, maana miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani. Watu wawili waliokuja nyuma yangu wakasikia habari ya kontroli namba, nao wakakaa. Baada ya muda kijana akauliza, "Mama, hicho ni kitabu cha nini?" Nikamwambia cha jiji. Akanyamaza. Kisha akasema tatizo hasa ni karatasi, ofisi haina karatasi. Hapo nikamwelewa, huenda kweli haikuwa nazo. Nikavuka barabara hadi steshenari, karatasi nne sh. 200, nikarudi nikagawa: moja yangu, mbili za wale wenzangu, moja nikamwachia yeye.

Mtendaji alipofika, mtu mwema, akaniamkia, akasoma, akagonga muhuri, dakika mbili zimeisha. Sikumwambia habari ya elfu tano. Huyo kijana ni wa mama mmoja tunayesali naye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Maombi ya leseni hupeleki tena kwenye bahasha, yanafanyika kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni uitwao TAUSI, na kijana wa steshenari ndiye aliyenijazia: TIN, kitambulisho, karatasi za nyumba, ukaguzi wa bwana afya. Alinitoza sh. 5,000, na hiyo niliitoa kwa moyo mweupe kwa sababu nilimwona akifanya kazi. Kwa upande wa huduma nampa nyota nne. Ananipungukia moja kwa sababu anapokea simu ya mpenzi wake katikati ya fomu. Mara moja aliandika jina la binti huyo mahali pa jina la biashara yangu. Tuliliona kabla hajabonyeza.

Sasa kasoro za bidhaa, maana zipo, na nyingine si ndogo.

Ya kwanza, ukurasa mmoja kauprinti mara mbili na mwingine kauruka. Kati ya yote, aliouruka ni kwenye vikao vya baraza, pale nilipotaka kuonyesha jirani kwamba mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, unaweza kwenda kukaa nyuma ukasikiliza. Nilirudi, akanipa karatasi ya ukurasa ule bure, lakini haiingii kwenye spairo, nimeikunja tu ndani.

Ya pili ni Kiingereza, tena si kile cha kawaida, kile cha wakoloni wazee, sentensi inaanza asubuhi inakwisha magharibi. Mwaka 2021 Bunge lenyewe, hapa hapa Dodoma, lilipitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Steshenari yangu haijapata habari. Bila binti wa dada yangu ningekuwa nimenunua kipepeo cha sh. 11,000. Kama huna mtoto wa chuo karibu, toa nyota mbili papo hapo.

Ya tatu ndiyo nataka niikalie kidogo. Nakala aliyoipakua ni ya toleo la mwaka 2002. Sheria zetu zimepitiwa upya, toleo la 2023 likazinduliwa mwaka 2025. Lakini hata ukipata jipya, bado kuna jambo kitabu hiki peke yake hakikuambii. Kinakupa orodha ya kazi za mamlaka ya mji, na ni ndefu kama ya harusi: takataka, masoko, machinjio, vyoo vya umma, makaburi, mifereji, barabara. Ukiisoma unapata picha kwamba kila kitu kiko kwa Mkurugenzi. Nikafurahi, nikasema hili korongo lililoikata barabara yetu mvua za juzi sasa nimelijulia mwenyewe. Binti akanizuia. Barabara za mitaa tangu mwaka 2017 ziko TARURA, ambao ni wakala wa serikali kuu, si wa baraza. Maji ni DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa. Kodi ya majengo, iliyokuwa ya halmashauri, tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, kila nikinunua umeme mwanzo wa mwezi naiona inavyouma. Kwa hiyo kitabu kinakuonyesha milango ya nyumba, lakini mingine ilishazibwa kwa tofali na mlango wake umehamishiwa nyumba ya jirani. Mwenyekiti wetu hukaripiwa kwenye kila mkutano kwa ajili ya korongo lile, na maskini hana greda wala aliye juu yake hana.

Wenyeji wa hapa hatushangai sana, tumezaliwa ndani ya mambo hayo. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa nchi nzima. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Miji ikarudishiwa zake mwaka 1978, na sheria hizi za 1982 ndizo zilizojenga upya. Lakini Dodoma tulikuwa na la kwetu zaidi. Mwaka 1973 makao makuu yakatangazwa kuhamia hapa, ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na ardhi yote ya mji ikawa ya CDA. Kiwanja changu nina barua yao hadi leo, ya miaka 33. Mji ulikuwa na wenye mji wawili. Manispaa ilikuwa na madiwani tuliowachagua, lakini kiwanja, ramani, kibali, vyote CDA, ambayo hakuna aliyeipigia kura. Diwani ungemlilia hadi machozi yakauke. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikahamia Manispaa, na hati zikaambiwa ziwe za miaka 99 kama za Watanzania wengine. Mwaka uliofuata, siku ya Muungano, 26 Aprili 2018, akautangaza mji kuwa Jiji. Nilikuwepo Uwanja wa Jamhuri, nauza maji ya kunywa. Watu walishangilia jina. Mimi nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye, barazani, na mlenda mkononi, kwamba kilichonigusa mimi mwenye kiwanja ni ile ya Mei. Jina la Jiji lilibadilisha ubao. Ile ya Mei ndiyo iliyompa diwani wangu kitu cha kuamulia.

Na hili kitabu hakina hata sentensi moja juu yake. Sikilaumu, CDA haikutoka humo. Lakini mtu wa Dodoma anayetaka kujua mji wake, hicho cha njano ni nusu ya hadithi.

Niseme pia nani asikinunue. Kama uko Kongwa, Bahi au Chamwino, usitupe hela, ninyi mko chini ya sheria ya mamlaka za wilaya, Sura 287, yenye vijiji na vitongoji. Hata Kibaigwa na soko lake lote la mahindi ni mji mdogo uliomo ndani ya wilaya ya Kongwa, si jiji wala manispaa. Mteja mmoja wangu wa Kibaigwa aliazima kitabu kwangu siku tatu, akarudisha analalamika kwamba hajajiona humo. Nikamwambia hukumo, baba.

Jumla ya bidhaa nampa tatu na nusu. Ingekuwa ya Kiswahili ningempa tano na spairo yake ya njano.

Mgahawa umefunguliwa. Leseni iko ukutani kwenye fremu, kitabu kiko juu ya friji, na sasa wateja wanakigombania kuliko gazeti. Jana wanawake wa kikundi chetu walikuja kula, wakauliza kama habari ya mikopo ya asilimia kumi imo humo, ile inayotengwa kwenye mapato ya ndani ya jiji, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tumetafuta, haimo. Binti amesema iko kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Leo asubuhi nimekwenda steshenari tumechangishana watu sita. Kijana ameanza na sh. 13,000 tena. Nimemwambia ahesabu kurasa mbele yangu, moja moja.